Dole Gumba la Hirbadaw

Asubuhi Inspekta Konsolata alipofika Tlawi na gari la polisi, Mwalimu Hhando, mstaafu, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage ya mbegu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chai ipo."

"Leo hatunywi. Kompyuta imejibu."

Miaka kumi na sita Hhando alingoja jina moja tu: la mtu aliyemnyonga mkewe, Oliva, jikoni, mwaka mmoja baada ya Manyara kuwa mkoa. Muuaji aliacha alama ya dole gumba lenye udongo kwenye kioo cha kandili. Polisi waliinasa kwa utepe, wakaiweka kwenye jalada. Sasa ililinganishwa na alama za walioandikishwa kupata vitambulisho. Ilikuwa ya Gidabuday wa Hirbadaw. Aliandikishwa mwaka jana.

Hhando alifunga gunia la maharage. Hakusikia furaha wala hasira. Alitafuta koti.

Hirbadaw walifika saa saba mchana, jua kali. Aliyewapokea ni Gidamis, mtoto wa Gidabuday, naye ni mzee wa mvi.

"Mnamtaka baba?" Alicheka kidogo. "Serikali kwa kuchelewa! Haya, mpelekeeni pingu. Yuko pale."

Fimbo yake ilielekea kaburi la heshima, kilima cha udongo kilichopita urefu wa mtu. Upande mmoja ulikuwa umeporomoka.

"Alikufa lini?" Konsolata aliuliza.

"Tisini na nne. Tulimjengea nyumba hiyo miezi tisa. Halafu mtu wa milimani akaja na trekta, akang'oa miti iliyoshika udongo. Mwaka ule wa mkoa mpya."

Hhando alitazama viatu vyake. Miti kumi na miwili, mikavu, iliyonyooka. Mwaka ule alikuta kilima kimeota nyasi, akadhani hakina mwenyewe. Dereva alipositasita, alimwambia: mti ni mti. Kwa miti ile akamjengea Oliva jiko.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Tunajua, mwalimu. Tulikungoja uje uombe radhi. Hukuja."

"Mngenidai."

"Sisi tudai nini? Nyumba ni yake." Gidamis alishusha sauti. "Na mzee hakai peke yake kwenye nyumba iliyobomoka."

Konsolata alikwenda pembeni, akapiga simu, akaomba atumiwe fomu yenyewe ya kuandikishwa. Ilimfikia kwenye simu. Picha ya mzee. Udongo mabegani. Akasoma chini ya picha. Akasoma tena.

"Mwalimu. Kuna sehemu ya mke."

"Soma."

"Oliva. Kazaliwa Tlawi." Aliteremsha fomu kwa kidole. "Waliandikishwa siku moja. Picha yake nayo ipo."

Alimnyooshea simu. Hhando hakuipokea. Macho yake yalibaki kwenye kilima.

"Amekonda?" aliuliza.