Gauni la Mama wa Kona

Rafiki yangu, fundi cherehani ninayesali naye, si mtu wa uongo. Mungu anisamehe nikikosea kusimulia.

Mteja wake mmoja, Mama wa Kona, alizungushwa mno kuhusu gauni lake.

"Fundi, lini?"

"Kesho, mama."

"Hiyo kesho yako haipambazuki?"

Wakacheka. Mama akafariki gauni halijapigwa pindo. Fundi alilimaliza kwa majuto, akalitundika chumba cha nyuma ili binti wa marehemu aje alichukue.

Jioni ambayo binti alikuja, fundi alikuwa hoi, macho yanamuwasha. Akafungua ile programu ya simu anayoandikia wateja, akaandika, "Nguo yako iko tayari, karibu ujaribu," akabonyeza "Tuma kwa wote." Ndipo akakumbuka kwamba namba ya marehemu hakuifuta.

Mara umeme ukakatika.

"Mwanangu," akamuuliza binti aliyekaa mlangoni akisubiri gauni, "simu ya mama iko kwa nani?"

"Iko kabatini, fundi. Tumeizima tangu msiba."

Simu ya fundi ikalia. Jibu lilikuwa neno moja, kutoka namba ya marehemu: "Nalijaribu."

Huko nyuma kitambaa kikachakacha gizani. Zipu ikapanda taratibu, ikatulia, kisha ikashuka.

Fundi alitamani kukimbia, lakini gauni lilikuwa deni la ahadi yake. Akaomba kimoyomoyo, akaingia akipapasa ukuta. Gauni lilikuwa palepale lilipotundikwa. Ila kwapani lilikuwa na joto, na limelowa jasho.