Springi Haifungwi kwa Waya

Jumamosi asubuhi Adela alikuwa uani kwake, mtaa wa Malangali, akianika ulezi kwenye turubai. Mikono ilifanya kazi, lakini mawazo yalikuwa kwa mama yake. Kesho yake walikuwa wanakwenda kumchukua Bibi Kristiana kijijini, huko karibu na Chala. Jumatatu angefanyiwa upasuaji wa jicho hospitalini mjini. Daktari alisema jambo moja na kulirudia mara tatu: baada ya upasuaji, bibi asirushwerushwe njiani. Bodaboda hapana. Gari linalodunda hapana.

Na gari lao lilikuwa linadunda. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa. Shokapu ni kile chuma kirefu kilichosimama karibu na gurudumu, kimezungukwa na springi. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Ikifa, kila shimo la barabarani linahamia kiunoni mwa abiria.

Fundi wa karakana alisema wasubiri mpaka Jumatano. Flavian, mume wa Adela, hakutaka kusubiri. Alinunua shokapu mbili mpya, akatangaza kwamba atazifunga mwenyewe, hapo hapo nyumbani. Adela hakuwa na ugomvi na hilo. Ugomvi ulianza alipogeuka na kumkuta mumewe ana kiroba cha mahindi begani.

"Baba Jenifa, mahindi yangu unayapeleka wapi?"

"Kwenye buti."

"Kwani tunahama?"

"Hebu niache nifanye kazi, Mama Jenifa."

Akapakia viroba sita. Gari likachuchumaa nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Flavian akajilaza chini, akaifunga springi moja kwa waya wa zizi la ng'ombe, upande huu na upande ule. Alipomaliza, akaanza kuvishusha vile viroba kimoja kimoja.

"Unapakia, halafu unashusha," Adela alisema. "Wewe ni mzima kweli?"

"Springi lazima ibanwe kwanza. Nimeona kwenye simu. Wenzetu wana kifaa chao. Mimi nina mahindi."

Adela akatazama juu, akavuta pumzi, akarudi kwenye ulezi wake. Mtu huyu! Ukimwambia neno, anasema unamvunja moyo. Usipomwambia, anakuvunja wewe.

Flavian akanyanyua gari kwa jeki, akaweka tofali mbili chini yake, akatoa gurudumu. Baada ya jasho jingi, shokapu ya kwanza ilitoka na springi yake, imefungwa waya. Akailaza chini, karibu na ndoo ya maji. Akainama juu yake, akashika nati ya katikati kwa spana malaya, ile spana ya kupanua na kubana. Nati ikagoma. Spana ikateleza. Pembe za nati zikaanza kulika.

"Hodi hapa!"

Alikuwa jirani yao Asajile, mtu wa Mbeya, mwalimu wa ufundi wa magari chuoni. Alikuja kununua ulezi. Alipoona kilichokuwa chini, alisahau hata salamu.

"Kaka Flavian, acha hiyo nati! Simama. Rudi nyuma."

Flavian akasimama, uso umekunjamana. "Nini tena, mwalimu? Springi imebanwa. Waya huu umezuia ng'ombe wangu miaka mitatu."

"Ng'ombe anachoka, analala. Springi hailali, kaka. Inasukuma muda wote."

"Waya huu haukatiki."

Hapo hapo waya ukakatika. Ulilia mara moja tu, kwa ukali. Shokapu ikaruka, ikaipiga ndoo, ndoo ikapasuka. Muda mfupi kabla ya hapo, uso wa Flavian ulikuwa juu yake.

Adela aliuacha ulezi, akaja mbio. Halafu hasira ikampanda.

"Keshokutwa mama yangu anapasuliwa jicho! Ulitaka nikae hospitali na wagonjwa wawili?"

Flavian akaokota kipande cha ndoo.

"Shemeji, mshukuru Mungu," Asajile alisema. "Nati ya katikati bado ilikuwa imeishika springi. Angekuwa ameifungua, tusingekuwa tunazungumzia ndoo."

Akalizunguka gari, akatikisa kichwa. "Na hizi tofali ni za nini? Tofali hupasuka. Jeki nayo inaweza kushuka. Jeki ni ya kunyanyulia, siyo ya kuachia gari. Likishanyanyuka, unalikalisha kwenye stendi za chuma."

"Stendi sina," Flavian alisema polepole. "Wala kifaa cha springi."

"Vyote ninavyo nyumbani. Unakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ukaenda kuomba ushauri kwa mahindi!"

Adela akacheka kwa uchungu. Flavian hakucheka.

Asajile alirudi na sanduku la vifaa. Kwanza walilikalisha gari kwenye stendi mbili, na kuweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele. Kisha akatoa vibana springi viwili, vyuma virefu vyenye kulabu.

"Kimoja huku, kingine upande wa pili," alisema. "Kaza hiki kidogo, kaza kile kidogo. Usikaze upande mmoja tu. Springi ikilegea kwenye kiti chake, pale inapokalia, ndipo unafungua nati ya katikati."

Flavian akanyoosha mkono kuchukua spana malaya.

"Baba Jenifa!" Adela alipiga kelele.

"Iache hiyo," Asajile alisema. "Inakwenda na kila nati, lakini haitulii na hata moja. Nati ina namba yake. Tafuta spana ya namba hiyo."

Wakaihamishia springi kwenye shokapu mpya, wakaifunga garini, upande wa kwanza ukaisha. Flavian akafuta jasho. "Ile ya pili si bado ina nguvu kidogo?"

"Zinabadilishwa mbili pamoja, kaka. Ukibadilisha moja, gari litakwenda upande."

Adela alimtazama mumewe. Flavian akahamia upande wa pili.

Mwisho walilishusha gari, wakakaza nati zote tena. Asajile akamwambia Adela aikandamize buti kwa nguvu, kisha aiachie. Gari lilishuka, likapanda mara moja, likatulia.

"Likiendelea kucheza, shokapu hazifai," alisema. "Hizi zinafaa."

Jumatatu mchana walimtoa Bibi Kristiana hospitalini, jicho limefunikwa. Walipita lami, wakaingia barabara ya vumbi ya mtaani.

"Flavian," bibi aliuliza, "lami haijaisha tu?"

"Imeisha zamani, mama. Tumekaribia nyumbani."

"Mbona sijarushwa?"

"Nimefunga shokapu mpya. Kwa mikono yangu mwenyewe."

Adela alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema. Lakini akaitazama mikono ya mumewe kwenye usukani. Vidole vyote kumi vilikuwepo.

"Ni kweli, mama," akasema. "Kwa mikono yake."