Dozi ya Siku ya Tatu

"Ruka mstari wa kwanza!"

"Siruki. Kanuni ni kanuni."

"Skola, nakuomba. Anza wa pili."

"Kwa nini? Huyu wa kwanza kahama? Katoroka? Sema basi, Nareyu!"

Nareyu alinishika mkono uliobeba daftari, akaubana mpaka shanga zake zikaniuma.

"Wewe Mmbulu utatuua," alisema.

"Na wewe Mmasai unaogopa karatasi."

Nikamsukuma, nikaingia chumba cha wagonjwa. Leo ningempigia magoti aniambie tena niruke.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, 1980, kwenye shule ya bweni kule juu, njia ya Nainokanoka, ambako ukungu hupanda kabla jua halijazama. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la sita. Kwetu ni Kansay, lakini baba alikuwa kibarua wa barabara, ndiyo maana muhula ule nikahamia huko. Sikumjua mtu. Wiki iliyotangulia nilichaguliwa kiranja wa afya, nikajiona nimekuwa nesi.

Mwalimu Naftali, mwalimu wa afya, alikwenda Karatu kutafuta dawa. Aliniachia ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza na maneno haya: "Ita jina, subiri aitike. Ameze mbele yako, afungue mdomo uone. Kisha weka alama ya vema. Vidonge viwili kila jioni, siku tatu. Anayekatisha dozi, homa humrudia."

Mgonjwa niliyemjua alikuwa mmoja, Nanyori, mdogo wake Nareyu, wa darasa la pili. Kwao ni Piyaya, mbali sana, wala gari halikuwepo. Tangu asubuhi alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Asipomeza dawa jioni ile, nilijua hatafika kesho.

Lakini daftari lilikuwa na majina mawili. Nanyori alikuwa mstari wa pili. Juu yake palikuwa na jina la msichana mwingine, na mbele ya jina visanduku vitatu, vyote vitupu. Jina lenyewe sitaliandika hapa.

Niliinua kandili. Vitanda vilikuwa vitatu. Cha mlangoni kitupu. Cha kati Nanyori. Na kile cha pembeni... blanketi lilikuwa limejikunja, kama mtu amelala kaelekea ukutani.

Basi yupo, nikawaza. Nareyu ana roho mbaya, anataka mdogo wake atangulie.

Nikaita jina la kwanza.

Nje nilisikia Nareyu akikimbia.

Mbwa wa mpishi alikuwa anabweka. Akanyamaza. Nikasikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na chini yake harufu ya majivu yaliyolowa.

"Nipo."

Sauti ndogo. Ya mtoto aliyelala muda mrefu.

Nilisogea. Mkono ulitoka chini ya blanketi, kiganja juu. Nikaweka vidonge viwili. Ncha za vidole vyangu zilimgusa, na baridi ikanipanda hadi kwenye bega. Mtu mwenye homa ana joto. Hilo nilifundishwa.

"Fungua mdomo nione," nilinong'ona.

Hakugeuka. Nilisikia tu akimeza... taratibu... kama mtu anayemeza jiwe.

Niliweka vema.

Nikarudi kitanda cha kati. "Nanyori."

"Nipo."

Jibu lilitoka pembeni.

Nilimwangalia Nanyori. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Hakuwa anatetemeka tena. Macho yalikuwa wazi, yakitazama dari, na kifua sikukiona kikipanda.

"Nanyori!"

"Nipo," ikasema ile sauti, karibu zaidi.

Sikugeuka. Mpaka leo sijui ningeona nini. Nilimshika Nanyori mkono na nikasema nilichokijua, kanuni tu, kwa sababu sikuwa na kingine.

"Wewe siye Nanyori. Wewe nimekupa vya leo. Kesho nitakuita, na keshokutwa nitakuita. Siku tatu, hutakosa. Huyu mwachie jina lake."

Mbwa akabweka.

"Nipo, dada," akanong'ona Nanyori, akaanza kutetemeka upya. Sijawahi kufurahia mtetemeko kama ule. Akameza.

Kitanda cha pembeni kilikuwa na blanketi lililotandikwa vizuri.

Mama Petronila, mpishi wetu kutoka Singida, ndiye aliyenieleza, jikoni, huku akitazama mlango.

"Alikufa muhula uliopita, kitanda kile kile. Homa. Mwalimu alisafiri na ufunguo mfukoni, mtoto hakupata hata kidonge. Na hawa wenzetu Wamasai hawamtaji aliyekufa kwa jina. Sasa Nareyu angekuambiaje, mwanangu? Angeanzia wapi?"

"Nimemwahidi siku tatu, mama."

Aliacha kukoroga uji. "Basi timiza. Mimi sijasikia."

Jioni ya pili nikaita. Akaitika. Nikampa, nikaweka vema. Nanyori aliitika mwenyewe, na homa ilikuwa imeshuka. Nareyu alisimama mlangoni, kafunika masikio, machozi yanamtoka.

Siku ya tatu, mchana, Mwalimu Naftali alirudi. Akafungua daftari.

"Umempa nani hivi vidonge?"

"Aliyeitika, mwalimu."

Alinipiga kofi. Akasema nimeiba dawa ya serikali nikauze. Akageuza godoro la pembeni akitafuta vidonge, asikute kitu. Lakini jina halikutoka mdomoni mwake. Alininyang'anya ufunguo, akachana ukurasa, akautia kwenye moto wa jikoni. Dozi ya mwisho ya Nanyori alimpa mwalimu mwenyewe, na nilisikia baadaye kwamba alipona. Mimi nilifukuzwa kabla ya jioni. Darasa la sita likawa mwisho wangu.

Sikuondoka mikono mitupu. Vidonge viwili vya siku ya tatu, vya yule wa kitanda cha pembeni, nilikuwa nimevitoa mapema na kuvifunga kwenye pindo la kanga. Ni kweli, hivyo niliiba. Nilifikiri iko siku nitapata lifti nirudi, nisimame dirishani, niite mara moja tu, nimalize.

Miezi saba sasa. Lifti haikupatikana.

Wiki iliyopita homa ilinishika. Nilipoteza fahamu. Nilipoamka, mama alikuwa ananifuta jasho, anacheka kwa furaha.

"Mungu mkubwa, Skola. Nimekuta vidonge kwenye kanga yako, nikakumezesha."

Niliziba mdomo kwa viganja viwili, kama vile vidonge vya yule mtoto vingeweza kurudi.

Jioni hii mama yupo zizini. Naandika karibu na moto. Mbwa wetu alikuwa anabweka, sasa kanyamaza. Nasikia harufu ya kibuyu cha maziwa, na majivu yaliyolowa. Sijaita jina. Naapa, sijaliita.

Mtu amegonga. Taratibu, kwa kiganja.

"Dada wa dawa... nipo. Bado siku moja."