Uji wa Mong'ina

Jioni ile Nyanchera alikuwa amebeba furushi la shuka chafu begani, akizipeleka kwa dobi nyuma ya hospitali. Kazi yake ilikuwa hiyo na nyingine nyingi: kuwageuza waliotoka kupasuliwa, kumwaga mikojo, kuosha, kubembeleza, na kugombeza pale kubembeleza kuliposhindikana. Alikuwa msaidizi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya misheni upande wa Gesima, katika miaka ile ya tisini ambayo watu wa huku hawapendi kuizungumza. Jina la hospitali tuliache. Waliokuwepo wanaijua.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Karibu na kamba za kuanikia nguo alimkuta mwanamke mzee ameketi kwenye nyasi, amejitanda leso mpaka puani, kibuyu mapajani.

"Mama, utaloa hapo," Nyanchera alimwambia. "Na saa za kuona wagonjwa zimekwisha."

Mzee hakuinua kichwa.

"Sikuja kuona," alisema. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Nimekuja kunywesha."

"Hapa hatunyweshi bila ruhusa ya sista. Rudi kesho, mama."

Akaingia kwa dobi, akatupa furushi lake, akatoka. Mzee hayupo. Nyanchera akatazama njia, akatazama ua wa michongoma. Hakuna mtu. Nyasi zote zilikuwa zinameta maji, isipokuwa pale alipokuwa ameketi. Pale palikuwa pakavu.

Na harufu... Harufu ya paa la nyasi lililoungua.

Mwingine angepiga kelele. Nyanchera alisonya, akajifuta mikono kwenye aproni yake ya kijani, akarudi kazini. Lakini moyoni alishaingiwa na wasiwasi, kwa sababu ya kile kitanda cha dirishani.

Wagonjwa wawili walikuwa wamekufa hapo tangu mvua zianze. Mzee mmoja wa ngiri, halafu mama mmoja wa uvimbe tumboni. Wote walipasuliwa vizuri, wakaamka vizuri, wakaongea. Na sheria ya wodi ile hata mtoto aliijua: mtu aliyeshonwa tumbo hanywi kitu mpaka utumbo uamke, na dalili ya utumbo kuamka ni mgonjwa kujamba. Msicheke. Pale wodini watu walikuwa wakiusubiri ushuzi kwa maombi. Kabla ya hapo ni kulowesha midomo kwa pamba, basi. Lakini wale wawili walikutwa asubuhi matumbo yamevimba, nyuzi zimefumuka, na uji wa wimbi umekaukia mdomoni.

Nani aliwapa? Hospitali ikasema ni jamaa zao, wanaingiza vitu kwa siri. Jamaa wakasema ni hospitali. Askari wa getini akaapa kwamba hakupita mtu. Na jambo moja lilinong'onwa jikoni tu: wote wawili walitoka kijiji kimoja, ng'ambo ya Birongo.

Sasa kitanda hicho kilikuwa na Orpah, msichana wa kidato cha pili, binti wa Mzee Ogoti. Utumbo ulijisokota shuleni, akaletwa akiwa karibu kukata roho, daktari akakata kipande akaunga. Naye alitoka kijiji kilekile.

"Dada," Orpah alinong'ona Nyanchera alipofika. "Kiu."

"Najua, mdogo wangu."

"Tone tu. Haki ya Mungu, tone moja."

"Hata ukiniita mama mzazi, sikupi." Akamloweshea midomo kwa pamba. Msichana akaing'ang'ania ile pamba kwa meno, na Nyanchera akaona machozi yanamtoka. Huruma ilimchoma. Hapo ndipo alipoweka nadhiri, kimoyomoyo, kwa hasira kuliko dini: huyu hafi. Aje nani, huyu hafi.

Giza lilipoanza kuingia, wakaletwa watu wa ajali, na Sista Persis akaitwa chumba cha upasuaji kusaidia. Alipita mbio akifunga barakoa.

"Nyanchera, wodi nakuachia. Orpah asinywe kitu. Hata akilia damu."

"Nenda, sista. Nipo."

Hazikupita dakika nyingi, stima ikapotea. Hilo halikuwa ajabu, siku zile stima ilipotea hata kwa umande. Nyanchera akawasha taa ya chemni, akaanza kupita kitanda kwa kitanda. Wagonjwa walikuwa kimya. Kimya mno. Hata yule mama wa goita aliyekoroma mchana na usiku, leo hakoromi.

Kisha akasikia.

Glo... glo... glo...

Kitu kizito kinatikiswa ndani ya kibuyu.

Harufu ya nyasi zilizoungua ikajaa wodi nzima, na chini yake harufu nyingine. Petroli.

Nyanchera aliinua taa. Yule mzee wa kwenye nyasi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha dirishani, mkono mmoja chini ya shingo ya Orpah, kama nyanya anavyomwinua mjukuu. Mkono wa pili umeinamisha kibuyu. Orpah macho amefumba. Mdomo ameufungua wazi, ulimi unatafuta.

"Kunywa, mjukuu wangu," mzee alikuwa akinong'ona. "Mimi najua kiu."

Nawaambia kweli, Nyanchera aliogopa mpaka kibofu kikamlegea kidogo. Lakini nadhiri ni nadhiri. Alijivuta mpaka pale akaweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu.

Kilikuwa cha moto. Kikamuunguza. Hakuutoa mkono.

"Toa mkono, binti," mzee alisema.

"Sitoi."

"Mtoto ana kiu."

"Naijua kiu yake. Mimi ndiye ninayekaa nayo kutwa."

"Utamzuia mkubwa kumpa mtoto uji? Mama yako alikulea hivyo?"

Na hapo mzee aligusa penyewe. Kwetu Gusii mtu hakatai kinywaji cha mkubwa. Ni tusi. Ndiyo maana wale wawili walikunywa, pamoja na sheria zote za daktari. Nyanya ameleta uji, utamwambiaje hapana? Lakini kwetu kuna na jambo jingine, nalo ni la zamani kuliko hospitali. Anayeleta kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Kila nyumba hufanya hivyo, hata kwa wageni wa harusi. Asiyeonja ana jambo.

Nyanchera akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akionja.

"Sawa, mama," akasema. "Sikukatazi. Onja wewe kwanza."

Mzee akakivuta kibuyu kifuani kwake.

"Mimi ni mzee. Sihitaji..."

"Onja! Au kwenu mlikuwa mnanywesha watu hivihivi?"

Polepole, mzee akashusha leso.

Hakukuwa na midomo.

Palikuwa na meno tu, marefu, meusi, na ngozi ya shavu imekunjamana mpaka sikioni. Akainua kibuyu, akamimina. Uji ukaingia pale penye kinywa na kutokea chini ya kidevu, ukatiririka kifuani, ukadondoka sakafuni. Ulipogusa sakafu haukuwa uji. Ulikuwa majivu.

"Unaona?" mzee alisema. "Sina pa kunywea."

Nyanchera alitaka kukimbia. Badala yake akakaa kitandani, katikati, akamziba Orpah kwa mgongo wake.

"Wewe ni nani?"

"Mong'ina. Mjane. Nyumba yangu ilikuwa karibu na kisima." Meno yakagongana. "Ng'ombe wao walikufa, wakasema ni mimi. Mtoto akaugua, wakasema ni mimi. Wakaja jioni, kama hivi. Moto uliposhika paa, niliomba maji. Niliwaita kwa majina, wote nilikuwa nimewazalisha mama zao. Ogoti alikuwa ameshika mtungi. Nikamwambia, Ogoti mwanangu, nipe maji. Akanimwagia."

Akapitisha kidole kwenye meno.

"Hayakuwa maji."

Nyuma yake Nyanchera alihisi mwili wa Orpah unatetemeka. Msichana alikuwa macho. Alikuwa amesikia kila neno.

Nyanchera alilia. Alilia kwa uchungu wa mwanamke yule, na papo hapo alikasirika mpaka masikio yakamuwaka, akawakasirikia waliomchoma, akamkasirikia na yeye aliyechomwa.

"Pole, mama. Walikuua, na Mungu anajua. Lakini huyu alikuwa wapi siku hiyo? Huyu alishika nini? Na yule mama wa uvimbe, alishika nini? Mbona huendi kwa Ogoti?"

"Ogoti haugui. Ogoti hana kiu."

"Kwa hiyo unatafuta walio dhaifu? Waliolala wamefungwa mipira? Hata wao walikutafuta wewe hivyohivyo, mjane peke yako. Sasa umekuwa sawa nao!"

Kibuyu kikatikisika. Glo... Moto wa taa ukainama wote upande mmoja. Wodi ikawa ya joto mpaka rangi ya ukuta karibu na dirisha ikaanza kutoa malengelenge. Nyanchera akaona kope zake zinasokotwa na joto, naye hakusogea hata inchi.

"Niachie huyu," alisema. "Ogoti niachie mimi."

"Utamfanya nini?"

"Nitamuuliza. Mbele ya watu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Hakuna aliyewahi kuuliza," akasema taratibu.

Stima ikarudi. Kitandani palikuwa na Nyanchera na Orpah tu. Yule mama wa goita akaanza tena kukoroma.

Sista Persis aliporudi alikuta sakafu ina majivu na kiganja cha Nyanchera kimevimba. Alimfunga bendeji bila maswali mengi. Akasema labda ni taa ya chemni. Akatazama yale malengelenge ya ukutani, akayapapasa kwa kidole. Kisha akaweka kipimo chake tumboni kwa Orpah, akasikiliza, akasema linaanza kunguruma. Alfajiri msichana alijamba, wodi nzima ikapiga makofi.

Mchana wa Sabato wakaja watu wa kijiji, wamevaa vizuri, nyimbo za kushukuru tangu getini. Mbele Mzee Ogoti, mzee wa kanisa, suti ya kahawia, Biblia kwapani. Wakajaa wakizunguka kitanda. Ogoti akainua mkono ili aombe.

"Kabla ya maombi, mzee," Nyanchera alisema.

Sista Persis akamvuta aproni. "Nyanchera, wacha. Watakufukuzisha."

"Wanifukuze." Akasogea mpaka mbele ya yule mzee. "Mzee Ogoti, samahani. Nina swali moja tu. Mong'ina aliomba nini kabla hajafa?"

Nyimbo zilikufa. Kuna mwanamke aliangusha kikapu, ndizi zikamwagika, hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mong'ina yupi?" Ogoti akasema.

"Yule wa karibu na kisima. Aliwaita kwa majina. Aliomba nini?"

"Wewe... nani alikuambia?"

"Ni yeye."

Watu wakarudi nyuma. Kisha sauti ya mwanamume mmoja, kutoka nyuma, ambako sauti hizo hutokea siku zote: "Huyu ni mchawi! Mnasikia? Anaongea na wafu!"

Neno hilo mwaka ule lilikuwa linatosha kumchomesha mtu. Nyanchera alijua. Alijua pia njia anayopita kwenda nyumbani, na kwamba mlango wake hauna komeo la maana. Akawageukia wote, mkono wa bendeji kiunoni.

"Haya! Mchawi ndiye mimi. Nimeosha vidonda vyenu, nimebeba mavi ya baba zenu, leo nimekuwa mchawi. Leteni petroli basi. Si mnajua inakouzwa? Nani atashika mtungi? Ajitokeze nimwone uso, mchana huu, mbele ya sista na mbele ya wagonjwa!"

Hakujitokeza mtu. Mmoja akaangalia viatu vyake, mwingine akaangalia dari. Yule wa nyuma alikuwa ameshatoka nje.

Ogoti ndiye aliyesogea. Alikuwa ameshika koo. Biblia ilimtoka kwapani ikaanguka, na midomo yake ilikuwa imepasuka ghafla, mikavu, nyeupe.

"Maji," alisema.

Jagi lilikuwa kwenye kabati dogo, mkono wa Orpah ukilifikia. Siku hiyo msichana alikuwa ameruhusiwa kunywa.

"Orpah, mwanangu. Nipe maji."

Orpah alimtazama baba yake. Alikuwa bado dhaifu.

"Wewe ulimpa?"

Ogoti alijisukuma kati ya watu wake, akatoka mbio mpaka bomba la nje karibu na kamba za dobi, akafungulia, akaweka mdomo. Walimwona kupitia dirishani. Alikunywa mpaka suti ikaloa kifuani, akainua kichwa akahema, akainama tena. Jamaa zake walimwita kwa jina, wakamshika mabega, wakamvuta. Kengele ya kufunga saa za kuona wagonjwa ikalia, na yeye alikuwa bado ameinama pale akinywa.