Kikombe Namba Arobaini na Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia karakana ya baba yake. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na baba alikuwa fundi redio, kwa hiyo kufagia kulikuwa na masharti: skrubu isitupwe hata moja, waya usivutwe, na kilichofunguliwa kisiguswe. Chiriku aliyatimiza yote hayo. Sharti la kufagia kimya ndilo lililomshinda. Jirani mmoja alimbandika jina hilo la ndege akiwa na miaka mitatu, na sasa, akiwa darasa la saba, hata mwalimu wa historia alimwita hivyohivyo.

"Redio zote humu ndani zina kitufe cha kuzimia," baba alimwambia asubuhi ya ziara, ameinamia meza na bisibisi mkononi. "Wewe tu ndiye nimekitafuta chako nikakikosa."

"Baba, leo si tunakwenda Makumbusho ya Soko! Kila mtu atapewa kitu chake cha kusemea, halafu Jumamosi tunasimama mbele ya watu wote, na mimi nitasema kwa sauti ya..."

"Nenda, utachelewa. Na ukifika huko, sikiliza kwanza."

Hakusikiliza. Ndiyo maana kipo kisa cha kusimulia, na ni heri msomaji ajue mapema kwamba hakichekeshi.

Makumbusho yalijengwa palepale lilipokuwa soko kuu la nguo. Miaka thelathini na moja nyuma, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, soko lilishika moto mchana kweupe, limefurika wazazi waliokuja kuwanunulia watoto sare. Wasimamizi waliogopa wizi kuliko walivyouogopa moto, wakaamuru mageti yafungwe. Watu mia tatu na kumi na tisa walifia ndani. Hapakuwa na mtaa katika nchi nzima ambao haukuwa na msiba siku ile.

Ndani mlikuwa na kabati za vioo. Chiriku aliona makufuli ya mageti, meusi, bado yamefungwa. Aliona mikasi ya mafundi cherehani, na vifungo vya mashati vilivyoyeyuka vikashikana vikawa donge moja. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya bomba la maji lililokuwa karibu na geti la magharibi. Mtunzaji wa makumbusho, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye ilibidi umsogelee ndipo umsikie, aliwaeleza kwamba akina mama walikuwa na mazoea ya kuwaacha watoto wao pale bombani wakati wao wakizunguka ndani ya msongamano.

Kisha akawaeleza utaratibu wao. Kila mwaka wanafunzi wa darasa la saba huwasemea marehemu. Mwanafunzi hupewa kitu kimoja kilichookotwa kwenye majivu pamoja na jalada lililoandikwa na ndugu za mwenye kitu. Hulisoma, huandika maneno machache, na Siku ya Kumbukumbu husimama mbele ya wafiwa akasema. Lakini vipo vitu ambavyo mwenyewe hakujulikana mpaka leo, na majalada yake ni matupu.

"Ukipata kitu cha namna hiyo, unasema sentensi moja tu," alisema mtunzaji. "Unasema, 'Mwenye kitu hiki hatujamjua,' halafu unakaa. Usiongeze neno. Nafasi hiyo tumeiacha wazi kwa makusudi."

Rafiki yake wa dawati moja alipata futi ya kupimia ya fundi cherehani mmoja, na jalada nene lenye utani wote aliokuwa akiwatania wateja wake. Chiriku akapata kikombe cha bati cha bluu, namba arobaini na saba. Alifungua jalada. Mlikuwa na karatasi moja, nyeupe pe.

Kusema kweli, Chiriku alijisikia kama aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Yeye, anayeongea kuliko darasa zima, asimame mbele ya umati aseme sentensi moja kisha akae? Wiki nzima jambo hilo lilimkereketa. Aliitazama picha ya kikombe aliyopewa aende nayo nyumbani, akakumbuka picha ya bomba. Kikombe na bomba, je, havitembei pamoja? Na bombani si ndipo watoto walipoachwa? Usiku wa Ijumaa aliandika ukurasa mzima, na kila alichokiandika alikitoa kichwani mwake.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi milangoni. Zamu yake ilipofika, Chiriku alisimama, akakohoa kidogo, akaanza.

"Mwenye kikombe hiki alikuwa msichana wa miaka tisa. Mama yake alimwacha bombani, akamwambia asibanduke, naye hakubanduka. Babu mmoja aliyenusurika alimwona. Moshi ulipokuja, yule babu alimshika mkono, akamwimbia. Msichana yule hakulia. Hakuwa peke yake."

Watu waliinamisha vichwa. Mwalimu alishtuka, akamtazama mtunzaji, na mtunzaji naye akamtazama Chiriku. Lakini kabla yeyote hajasema kitu, mwanamke mmoja alisimama katika safu ya tatu. Alikuwa mshonaji wa mashuka ya hospitali, mtu wa makamo ya bibi, aliyehudhuria kila mwaka bila kukosa na ambaye hakupata kitu chochote cha kuzika.

"Ni wangu," alisema. "Nilimwacha bombani. Nilimwambia asibanduke. Mungu wangu, ni mwanangu yule!"

Alikuja mbele, akamkumbatia Chiriku na kulia kilio ambacho mtu hulia mara moja maishani. Chiriku alihisi machozi yakimlowesha begani. Mtunzaji alimwuliza kwa upole habari hizo amezitoa wapi. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Akatazama uso wa yule bibi, na maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Kwa yule babu. Lakini amehama. Yuko ule mji wa mwisho wa reli."

Yule bibi alipoulizwa kama anakitambua kikombe, alisita. Kisha akasema huenda mtoto alikiazima kwa mwenzake. Baada ya muda kidogo akasema hapana, anakikumbuka, kilikuwa chao. Wiki iliyofuata kibao kidogo chenye jina la mtoto kikafungwa kwa skrubu chini ya kikombe.

Shuleni Chiriku alisifiwa. Rafiki yake alimwambia, "Umetuliza wote, hata wakubwa!" Yeye alitabasamu. Alijiambia kwamba hajamdhuru mtu. Bibi amefurahi, sasa kosa liko wapi? Na kila alipojiuliza hivyo alizidi kunyamaza, mpaka baba akaanza kumchungulia kwa wasiwasi asubuhi wakati wa kufagia.

"Unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Basi mbona humu ndani kumekuwa kimya kama redio isiyo na betri?"

Jioni moja, baba akiwa anachomelea waya, yule mshonaji aliingia karakanani. Alikuwa amevaa viatu vya safari na ameshika mkoba wa nguo. Uso wake ulikuwa umenyooka, umepungua miaka.

"Shikamoo, bibi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nimeelekezwa hapa na mwalimu wako. Nimefunga mashine yangu, nimeaga kazini. Kesho alfajiri napanda gari moshi." Akamgeukia baba. "Binti yako amenifanyia jambo kubwa, fundi. Miaka thelathini na moja nilikuwa nikilala na wazo moja, kwamba mwanangu aliniita nami sikuwepo. Sasa najua alikuwa na mtu. Nakwenda kwa yule babu. Sina la kumwuliza. Nataka kuushika tu ule mkono uliomshika mwanangu."

"Babu gani?" baba aliuliza.

"Yule wa mwisho wa reli. Nimekuja binti anipe jina la mtaa, nisije nikapotea."

Baba alimtazama Chiriku. Chiriku alitazama sakafu, mahali alipofagia asubuhi ile. Angeweza kutaja mtaa wowote. Ulimi wake ulikuwa tayari, kama kawaida yake. Lakini aliwaza yule bibi akishuka kituo cha mwisho na mkoba wake, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, akiulizia mkono ambao haukuwahi kuwepo.

"Hayupo, bibi."

"Amefariki?"

"Hayupo kabisa. Nilimtunga mimi. Jalada lilikuwa tupu."

Mshonaji alitabasamu bado, kama mtu anayengoja mwisho wa utani. "Lakini bomba..."

"Niliona picha yake ukutani."

"Na kuimbiwa?"

"Nilitunga."

"Hakulia, ulisema. Ulisema hakulia."

"Nilitunga, bibi. Nisamehe. Yote nilitunga." Chiriku alikuwa akilia sasa, lakini kilio chake hakikumsaidia mtu.

Yule bibi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Uso uliokuwa umepungua miaka ulizeeka palepale mbele yao, na hilo ndilo jambo ambalo Chiriku hatalisahau mpaka anakufa. Baba alizima chuma chake cha kuchomelea. Alisema pole, akarudia pole, na neno lenyewe likaonekana dogo mno kwa kazi aliyolituma.

"Kwa hiyo aliniita," bibi alisema hatimaye, kama anayejiambia.

Kesho yake baba alifunga karakana, wakaenda wote watatu makumbusho. Mtunzaji alisikiliza kisa kizima kutoka kwa Chiriku mwenyewe. Baba hakumsaidia hata neno moja. Alipomaliza, mtunzaji alisema kwamba lawama ni yake pia, kwa kuwa alitamani sana kuamini akaacha kuhakikisha. Kisha akaleta bisibisi.

Chiriku aliomba afungue yeye. Skrubu zilikuwa mbili, na kwenye ya pili bisibisi iliteleza ikakwaruza ubao. Kibao kikatoka. Kilichobaki ni matundu mawili chini ya kikombe. Mshonaji alikichukua kibao, akasoma jina la mwanawe, akakitia kwenye mkoba.

"Mara ya kwanza alipokufa mwanangu sikuwepo," alisema. "Jana amekufa tena, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha baba yako, nikitazama. Umeelewa ulichokifanya?"

"Nimeelewa, bibi."

"Ulidhani unanipa zawadi?"

Chiriku alitaka kusema ndiyo. Jibu hilo lingependeza. "Hapana. Nilitaka watu wanisikilize."

Mtunzaji alitazama pembeni. Baba alifumba macho. Bibi alitikisa kichwa polepole, akakaa kwenye benchi lililoelekea kikombe. Watazamaji wengine walipita, wakasoma, wakaenda zao.

"Niambie," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Wewe una kichwa cha kuwaza. Unadhani alikuwa na mtu pale bombani?"

Maneno ya kumliwaza yalimjia Chiriku chungu nzima, yote matamu, yote yako tayari. Akayameza.

"Sijui, bibi."

Bibi alishusha pumzi ndefu.

"Na mimi sijui. Sitajua mpaka wanizike." Akapiga ubao wa benchi kwa kiganja. "Kaa hapa. Ungenipa hilo 'sijui' siku ya kwanza, lingeniuma, lakini ningelizoea, maana nimelizoea miaka yote. Uongo wako ulinipa mwanangu, halafu ilibidi ukweli uje kumchukua. Mtu aliyefiwa usimtungie kitu, mwanangu, hata kama kinamfurahisha, na hasa kama kinamfurahisha. Kama huna la kweli la kumwambia, kaa naye."

Chiriku alikaa. Hakumshika bibi mkono, kwa kuwa hakuombwa. Walikaa hivyo hadi mtunzaji alipoanza kufunga madirisha, na bibi hakuwa ameacha kulia.