Nilifumua Sweta la Mama Yangu Mara Tatu

Ndugu wasomaji, nina miaka hamsini na sita, mjane, naishi Kilakala mjini Morogoro. Hadi leo nikishika uzi wa sweta nasikia kichefuchefu... na kinyaa chenyewe ni cha kujionea mimi mwenyewe.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kiwanda kilitupunguza kazini, nikajishikiza kwenye kufuma. Uzi mpya wa dukani ulikuwa ghali, lakini mitumba ilikuwa imefurika sokoni. Nikawa nanunua masweta makuukuu, nayafumua, nafua uzi wake, nafuma upya kwa spoki za baiskeli. Uzi wa namna hiyo una ubaya mmoja tu, ukiisha umeisha. Rangi ile huipati tena hata uzunguke soko zima.

Na mimi nilikuwa na tamaa! Mteja akija namwanzishia papo hapo, nafuma pindo la vidole vinne ili aone kazi yake imeanza, asiende kwa mwingine. Kuna wakati nilikuwa na kazi nane kwenye spoki, zote zina pindo, hakuna hata moja yenye mikono. Nikajiona mjanja...

Mama yangu alikuwa akiishi juu milimani, Kinole, na kifua kilikuwa kikimsumbua. Akashuka kutibiwa, akakaa kwangu. Nikamwahidi sweta zito la rangi ya damu ya mzee. Yeye mwenyewe alininyooshea mikono, nikamzungushia uzi, nikaukunja donge huku anacheka. Uzi ule ulitosha sweta moja. Lakini kesho yake akaja Mama Jeni, mke wa muuza vipuri, akaipenda rangi. Nami nikamwanzishia kwa uzi uleule!

Uzi wa Mama Jeni ulipoishia mgongoni, nilifumua sweta la mama lililokuwa limefika kwapani. Nikamwambia mama nimekosea vipimo. Nikamwanzia mama tena kwa uzi uliobaki, nikafika tumboni, sweta la Mama Jeni likawa bado halina mikono. Nikafumua tena! Mara ya tatu ni Mama Jeni alipotaka kola na mifuko... mifuko, jamani!

Kila nilipofumua, mama ndiye aliyeshika uzi. Mara hiyo ya tatu aliutazama mikononi mwake, akaniuliza polepole, "Huu si ule wangu?"

Nikamjibu bila hata kupepesa macho, "Hapana mama, umefanana tu."

Akainua mikono vizuri. "Basi kunja, mwanangu. Usimcheleweshe mwenye nao."

Alijua! Mngeuona uso wake mngejua kwamba alijua.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali kule milimani, alirudi Kinole na kanga mbili mabegani. Nilimwahidi sweta nitalituma wiki inayofuata. Wiki ikapita, nikapokea wateja wengine wawili. Mama akapelekewa maneno tu.

Kilichokuja kwangu ni habari kwamba kifua kimembana. Nilipopanda nilikuta ameshafariki... Kaka yangu akanieleza kwamba alitaka kumnunulia koti la mtumba, mama akakataa katakata. Aliwaambia majirani wote kwamba binti yake wa mjini anamfumia sweta.

Nilidhani hakuna la kuniumiza zaidi ya hilo. Siku ya mazishi Mama Jeni alipanda mlima kuja kunifariji, mwanamke wa watu hana kosa lolote. Kwa ajili ya baridi alikuwa amevaa lile sweta, kola, mifuko na yote. Akanikumbatia. Uso wangu ukazama kwenye uzi ambao mama aliushika mara nne kwa mikono yake. Lilikuwa na joto, ndugu zangu. Joto kabisa!

Nilijitoa mikononi mwake, nikaenda kutapika nyuma ya migomba. Watu wakasema ni uchungu wa mama. Sikuwasahihisha, na kwa hilo pia najidharau.

Mnaonisoma, msiwaanzishie watu kazi kumi ili kuwashika. Na kama nyumbani kuna mtu uliyemwambia ngoja kwa sababu ni wako na hawezi kukukimbia, mmalizie yeye kwanza. Mimi nimebaki na pindo la vidole vinne nililomwanzia mama kwa uzi uliosalia, bado liko kwenye spoki zake. Halimtoshi mtu yeyote.