Tundu Chini ya Mnara wa Shujaa

—Jumamosi namuoa, basi tu. Ninayempenda ni wewe.

Sauti ilitoka chini ya mnara wa shujaa. Mwiko ukanidondoka. Ngome ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, na uani mchana ule nilikuwemo mimi fundi mwashi peke yangu.

Hapo nikakumbuka. Asubuhi, nikibandua plasta kuukuu ya mnara, nilikuta tundu linaloingia hadi chumba walimomfungia shujaa kabla ya kumnyonga. Sikumwambia mtu. Nilimficha kwanza hata mchumba wangu, mwongoza wageni wa ngome, nije nimfurahishe.

—Mimi nimshikie maua huku roho inaniuma? sauti ya kike ikalalamika.

Mkata tiketi wa ngome! Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mpambe wangu wa Jumamosi.

—Vumilia. Yule ana nyumba, mimi sina hata kibanda.

—Akijua je?

—Atajuaje? Kuta hizi zimeficha makubwa zaidi.

Nikampigia mchumba wangu simu. Ikaita chini ya ardhi.

—Uko wapi, mpenzi?

—Niko mjini, mama. Nafuata suti.

Nilimsikia mara mbili, sikioni na tunduni. Nikakata. Nikalala kifudifudi, mdomo tunduni, nikaikwaruza sauti:

—Mimi walininyonga, sikumsaliti mtu. Ninyi mnafanya nini chumbani mwangu?

Mayowe! Wakatoka mbio, mwanamume kiatu kimoja, wakanikuta nimekaa kando ya tundu.

—Kumbe... ni wewe?

—Ni mimi. Suti imekutosha?

Bingwa wa kuwasimulia wageni akainama kuvua kiatu kilichobaki. Rafiki yangu akainamisha kichwa, wakaondoka wakiachana njia. Nikafunga mlango wa chumba kile, ufunguo nikautia mfukoni. Kisha nikamwandikia shangazi: "Waambie watu wasije Jumamosi. Harusi hakuna." Ndipo nikalia. Nilimpenda mtu yule, nisiseme uongo.

Nilipochoka kulia nikakoroga saruji, nilizibe lile tundu la balaa. Mwiko ulipokaribia, pumzi ya baridi ikanigusa vidole. Mtu akakohoa mle ndani, taratibu, kama mgonjwa.

—Pole, mwanangu.

Nikapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwemo.

Saruji nikaimwaga kando. Tundu liko wazi mpaka leo. Siku ile nzima, aliyeniambia pole alikuwa yeye tu.